Doppler ya kitovu, ya ubongo, ya mji wa mimba au MRI: ulinganisho wa vipimo vya damu ya kondo la nyuma baada ya wiki ya 32

Mjamzito wa wiki 33 ambaye shinikizo lake la damu limeanza kupanda, au ambaye mkunga amempima tumbo kwa utepe akakuta halilingani na umri wa mimba, mara nyingi huondoka kliniki na karatasi iliyoandikwa "ultrasaundi ya Doppler" bila maelezo mengine. Akifika kwenye chumba cha picha anaweza kupimwa mshipa mmoja na kuambiwa kwamba mambo ni mazuri, ilhali mshipa ambao ungejibu swali la mkunga haukuguswa. Ulinganisho huu unahusu vipimo vya picha vinavyotumika kuchunguza mtiririko wa damu katika kondo la nyuma mimba inapokaribia mwisho. Umeandikwa kwa ajili ya mjamzito na familia yake, na pia kwa mhudumu anayeandika ile karatasi, kwa kuwa uchaguzi mzuri huanzia kwenye swali analoliandika humo.

Kondo la nyuma lina mizunguko miwili ya damu inayopakana bila kuchanganyika. Upande wa kwanza ni wa mama: damu yake hupita kwenye ateri za mji wa mimba, ambazo kabla ya ujauzito hupitisha mililita 50 hivi kwa dakika na karibu na kujifungua hupitisha zaidi ya nusu lita kwa dakika. Ongezeko hilo huwezekana kwa sababu, katika nusu ya kwanza ya mimba, seli za kondo huingia katika mishipa myembamba ya ukuta wa mji wa mimba na kuitanua. Kazi hiyo isipokamilika, huweza kutokea preeklampsia, yaani shinikizo la juu la damu la ujauzito linalodhuru viungo vya mama, na watoto wanaodumaa tumboni. Upande wa pili ni wa mtoto: moyo wake husukuma damu kupitia ateri mbili za kamba ya kitovu hadi kwenye matawi madogo ya kondo, nayo hurudi kwa vena moja ikiwa imebeba oksijeni na chakula. Kila kipimo kinachotajwa hapa chini huchungulia sehemu moja ya safari hiyo ndefu, na hilo ndilo la kukumbuka kabla ya kuuliza kipi ni bora.

Jambo jingine la kuweka wazi mapema ni kwamba Doppler ya kawaida haipimi kiasi cha damu. Mashine hutuma mawimbi ya sauti, hupokea mwangwi kutoka kwenye chembe nyekundu zinazosogea, na kwa tofauti ya mawimbi hayo huchora mchoro wenye kilele pale moyo unapopiga na bonde pale unapopumzika. Kinachosomwa ni ukinzani wa njia iliyo mbele ya damu. Bonde lililo juu maana yake ni kwamba njia ni pana na damu inaendelea kusonga hata moyo ukipumzika. Bonde lililo chini maana yake njia imebana. Kwa hiyo mtu akisema kwamba "damu inafika kidogo" kwa kutazama mchoro huo, anafasiri, na mara nyingi anafasiri sawa, lakini hajapima mililita yoyote.

Kitovu au ubongo

Doppler ya ateri ya kitovu ndiyo kongwe katika kazi hii. Mchoro wake ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977 na watafiti wa Dublin. Pia ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, uliojumuisha majaribio 19 na wanawake zaidi ya 10,000 wenye mimba za hatari ulionyesha kwamba kutumia kipimo hiki kulipunguza vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa kwa takriban asilimia 29, yaani kutoka watoto 17 hadi 12 kwa kila 1,000. Hakuna kipimo kingine katika ulinganisho huu kinachoweza kujivunia takwimu ya namna hiyo. Hata hivyo uchambuzi mwingine wa aina hiyohiyo, uliohusu wanawake wasio na tatizo lolote, haukuonyesha faida, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 halipendekezi Doppler kwa kila mjamzito. Kituo kinachotangaza Doppler kama sehemu ya kawaida ya kila ziara kinauza kitu ambacho mama mwenye afya hakihitaji.

Nguvu ya kipimo hiki iko katika magonjwa ya kondo yanayoanza mapema na kuharibu eneo kubwa. Inakadiriwa kwamba mchoro wa kitovu huanza kuonyesha hitilafu pale karibu asilimia 30 ya mishipa midogo ya kondo inapokuwa imeziba, na bonde hufika sifuri au kugeuka na kurudi nyuma pale uharibifu unapofika asilimia 60 hadi 70. Hapo tunaona udhaifu wake pia. Baada ya wiki ya 32 kondo ni kubwa, na mara nyingi tatizo ni kwamba limeanza kushindwa kumudu mahitaji ya mtoto aliyekua, bila mishipa yake mingi kuziba. Mtoto wa wiki 36 anaweza kuwa amepungukiwa oksijeni huku ateri ya kitovu ikionyesha mchoro mzuri kabisa. Katika mimba changa kidogo, jibu baya la kitovu hutangulia. Katika mimba iliyokomaa, jibu zuri la kitovu halimtoi mtoto mdogo katika hatari.

Hapo ndipo ateri ya kati ya ubongo inapoingia. Mtoto anayepungukiwa oksijeni hupeleka damu zaidi kwenye ubongo, moyo na tezi za juu ya figo, na kuwanyima damu viungo vinavyoweza kusubiri. Mishipa ya ubongo hutanuka, bonde la mchoro hupanda, na kile kipimo cha ukinzani kinachoitwa PI hushuka. Angalia kwamba dalili zinakwenda kinyume: kwenye kitovu tunaogopa PI iliyopanda, kwenye ubongo tunaogopa iliyoshuka. Wataalamu hugawanya PI ya ubongo kwa PI ya kitovu na kupata uwiano mmoja unaounganisha hali ya kondo na mwitikio wa mtoto. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipokubaliana kuhusu namna ya kumtambua mtoto aliyedumaa baada ya wiki ya 32, uwiano unaomweka mtoto kwenye asilimia 5 ya chini kabisa ya watoto wa umri huo uliwekwa miongoni mwa vigezo, sambamba na PI ya kitovu na makadirio ya uzito.

Je, basi tuchague ubongo na kuacha kitovu? Hapana, wala uwiano huo haujafikia hadhi ya kitovu kwa ushahidi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2024 liliwapima wanawake wasio na hatari karibu na wiki ya 37 na kupendekeza kuzalisha mapema wale ambao uwiano wao ulikuwa mdogo. Vifo havikupungua, ingawa watoto wenye matatizo makubwa baada ya kuzaliwa walikuwa wachache zaidi. Isitoshe, ateri ya ubongo ni ngumu zaidi kupima. Mpimaji akikandamiza kichwa cha mtoto kwa kichwa cha mashine, mchoro hubadilika; mtoto akiwa anafanya mazoezi ya kupumua au anarusharusha miguu, mchoro hubadilika; kichwa kikishaingia kwenye nyonga, mshipa wenyewe huwa taabu kuufikia. Maoni yangu ni kwamba baada ya wiki ya 32, kwa mtoto anayeshukiwa kuwa mdogo, mishipa hii miwili ipimwe pamoja katika kikao kimoja, na kwamba ombi linalotaja kitovu peke yake ni nusu ya ombi.

Mshipa huo wa ubongo una kazi nyingine ambayo haihusu kondo moja kwa moja lakini hupimwa kwa kikao kilekile. Kasi ya juu ya damu ndani yake, ikizidi mara 1.5 ya kiwango cha kati cha umri huo wa mimba, hudokeza kwamba mtoto ana upungufu mkubwa wa damu, kama inavyotokea mama mwenye kundi la damu la Rhesus hasi akiwa ametengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto. Kwa kipimo hicho cha kasi, pembe kati ya mawimbi na mshipa lazima iwe karibu na sifuri, la sivyo namba inayotoka haina maana. PI haiathiriwi hivyo, kwa sababu ni uwiano wa sehemu za mchoro mmoja.

Upande wa mama

Ateri za mji wa mimba hupimwa kulia na kushoto, kisha hutafutwa wastani. Kipimo hiki kinang'ara mapema, si mwishoni. Kikifanywa kati ya wiki ya 11 na 13 pamoja na taarifa nyingine za mama, husaidia kubaini anayefaa kupewa aspirini kabla ya wiki ya 16. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba miligramu 150 kila usiku kwa wanawake wa namna hiyo zilipunguza preeklampsia ya kabla ya wiki ya 37 kwa zaidi ya nusu. Kwenye wiki ya 34 dirisha hilo limeshafungwa. Jibu baya wakati huo linaeleza kwa nini mtoto ni mdogo au kwa nini shinikizo limepanda, lakini mara chache hubadilisha uamuzi wa leo.

Hata hivyo kwa wasomaji wa ukanda wetu kuna sababu ya kutoidharau kabisa. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2002, uliwapima wajawazito katika miezi ya mwisho na kuona kwamba walioambukizwa malaria ya falsiparamu walikuwa na mtiririko usio wa kawaida kwenye ateri za mji wa mimba mara nyingi kuliko wasioambukizwa. Vimelea hujikusanya kwenye nafasi za kondo zinazopitisha damu ya mama, kwa hiyo ni upande huo, na si wa kitovu, unaotarajiwa kulalamika kwanza. Mtoto mdogo wa mama aliyeugua malaria, mwenye kitovu chenye mchoro mzuri, hapaswi kuwashangaza watu wa Pwani, wa Kanda ya Ziwa wala wa Kigoma.

Vena ndogo iliyo ndani ya ini la mtoto, iitwayo ductus venosus, inayopitisha damu ya kitovu kwenda moyoni, ni kipimo cha nne ambacho msomaji anaweza kukutana nacho kwenye ripoti. Hicho kina nafasi yake kabla ya wiki ya 32, pale daktari anapojaribu kumbakiza mtoto tumboni siku chache zaidi, kama ilivyoonyeshwa na jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2015. Baada ya hapo mabadiliko yake ni nadra, na mara nyingi mtoto huwa amekwisha kuzalishwa kwa sababu nyingine.

Je, MRI ni hatua ya juu zaidi?

Familia yenye uwezo huuliza swali hili mara nyingi, kwa mantiki kwamba mashine ghali huona zaidi. Kwa kondo la nyuma mantiki hiyo ina ukweli kidogo. MRI, yaani picha inayochukuliwa kwa mashine ya sumaku, inaweza kuonyesha kondo zima kwa mara moja, hata likiwa nyuma ya mtoto au mama akiwa mnene, na kuna mbinu inayopima ishara iitwayo T2*, ambayo hubadilika kadiri damu inavyobeba au kukosa oksijeni. Kondo la mtoto aliyedumaa huwa na T2* ya chini kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake. Hilo ndilo jambo ambalo Doppler haiwezi: Doppler inaona njia, MRI inakaribia kuona mzigo. Marekani ilianzisha mradi maalumu wa utafiti wa kondo mwaka 2014 kupitia taasisi zake za taifa za afya, na mbinu hizi zilikuwa miongoni mwa zilizofadhiliwa.

Lakini ukilinganisha kwa ajili ya uamuzi wa leo, MRI inashindwa kwa sababu tatu ambazo pesa haiondoi. Kwanza, viwango vya T2* hutegemea nguvu ya sumaku, mashine ya tesla 1.5 na ya tesla 3 zikitoa namba tofauti, na hakuna mpaka uliokubalika unaosema kwamba chini ya namba hii mtoto azalishwe. Pili, kipimo cha damu ya kondo lazima kirudiwe, pengine mara mbili kwa wiki, na hakuna anayeweza kumrudisha mjamzito ndani ya mashine hiyo kwa ratiba hiyo. Tatu, kulala chali kwa nusu saa katika miezi ya mwisho hufanya mji wa mimba ukandamize vena kubwa ya mwili, hivyo damu ileile tunayotaka kuipima hupungua kwa sababu ya mkao. Mama anapaswa kulazwa kwa ubavu wa kushoto au kuinamishwa. Dawa ya gadolinia, ambayo ingeonyesha mtiririko vizuri, huepukwa katika ujauzito, hasa baada ya utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2016 uliouhusisha matumizi yake na madhara kwa mtoto.

MRI ya kondo ina matumizi halali ambayo yasichanganywe na haya: mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kujifungua, ambaye kondo limekaa chini na linashukiwa kuota ndani ya kovu. Hapo swali ni mahali lilipofika, si namna damu inavyokwenda, na hata hapo ultrasaundi iliyofanywa na mjuzi hutangulia.

Kati ya kutokuwa na kitu na kuwa na mashine kubwa kuna chaguo la tatu ambalo halijulikani vya kutosha. Afrika Kusini ilitengeneza kifaa kidogo kinachoitwa Umbiflow, kinachosikiliza ateri ya kitovu bila kutoa picha na kinachoweza kutumiwa na mkunga aliyefundishwa. Kilipotumiwa kwa wajawazito waliodhaniwa kuwa hawana hatari, zaidi ya mmoja katika kila 100 alikutwa na bonde lililofika sifuri, idadi iliyowashangaza watafiti. Baadaye utafiti ulipelekwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Rwanda. Matokeo hayo yanatikisa kidogo ule mwongozo wa kutowapima wasio na hatari, kwa sababu majaribio yaliyouzaa yalifanywa katika nchi ambako wajawazito wana afya tofauti. Lakini udhaifu wa kifaa hicho ni uleule wa kitovu: hakioni ubongo, hivyo mtoto wa wiki 36 bado anaweza kumponyoka.

Nani achague nini

Mwenye preeklampsia, shinikizo la muda mrefu, ugonjwa wa figo, seli mundu au aliyewahi kupoteza mtoto tumboni kwa sababu ya kondo aombe makadirio ya uzito wa mtoto, kiasi cha maji, kitovu, na baada ya wiki ya 32 ubongo pia. Mtoto akiwa mdogo na michoro yote ikiwa mizuri, kurudi baada ya wiki mbili kunatosha kwa kawaida. PI ya kitovu ikipanda, muda huo hufupishwa hadi wiki moja au chini yake. Bonde likifika sifuri, mama hufuatiliwa kwa karibu, mara nyingi akiwa amelazwa, na kuzalishwa hakuvushwi wiki ya 34; likirudi nyuma, mwongozo mwingi hutaja wiki 30 hadi 32. Mahali ambapo huduma ya mtoto njiti ni duni, mipaka hiyo lazima izungumzwe upya, na rufaa ifanywe kabla ya uchungu, mtoto akiwa bado tumboni, kwa kuwa hakuna gari la kumsafirishia lililo bora kuliko hilo.

Wenye mapacha wanaotumia kondo moja wana ratiba yao, ambamo kasi ya damu ya ubongo ina uzito wa pekee. Kwa mwenye kisukari ambaye mtoto wake ni mkubwa, Doppler ya kitovu husaidia kidogo sana, kwani hatari yake haipiti kwenye mishipa iliyoziba. Vivyo hivyo kwa mimba iliyopita wiki ya 41. Hao hufaidika zaidi na ufuatiliaji wa mapigo ya moyo, maji na, katika kisukari, sukari yenyewe.

Mama anayesema mtoto amepunguza kucheza yuko katika kundi la peke yake. Asisubiri miadi ya Doppler. Mashine ya kuchora mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo si picha na haioni kondo, ndiyo ya kwanza kwake, kwa sababu inaeleza hali ya saa hii, ilhali Doppler inaeleza mwelekeo wa siku na wiki. Kuziweka mbili hizi kama washindani ni kosa ninaloliona mara kwa mara: mapigo mazuri leo hayasemi lolote kuhusu wiki ijayo, na kitovu kizuri juzi hakisemi lolote kuhusu kamba iliyojisokota usiku wa jana.

Kuhusu usalama, Doppler hutumia nishati kubwa kidogo kuliko picha ya kawaida ya ultrasaundi, kwa hiyo mpimaji hutakiwa kutazama kipimo cha joto kwenye skrini na kutokaa juu ya mshipa mmoja zaidi ya inavyohitajika. Kwa mwenye dalili, hatari hiyo haipaswi kumzuia. Wala asitarajie dawa ya kufungua mishipa baada ya jibu baya: sildenafili ilijaribiwa kwa matumaini makubwa, na jaribio la Uholanzi likasimamishwa mwaka 2018 baada ya watoto kadhaa kufariki kwa matatizo ya mapafu. Kipimo kinafaa kwa jambo moja, nalo ni kupanga siku na mahali pa kujifungulia, na kuchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kwa wakati.

Ripoti ikitoka, isomwe kwa kutafuta jina la kila mshipa uliopimwa, PI yake, nafasi ya PI hiyo kati ya watoto wa umri uleule, na sentensi inayosema kama damu inaendelea mbele, imesimama au inarudi moyo unapopumzika. Ripoti inayotaja RI, kipimo kingine cha ukinzani, peke yake inatosha hadi pale bonde linapofika sifuri. Hapo RI huwa 1 na kupoteza uwezo wa kutofautisha kibaya na kibaya zaidi, ilhali PI huendelea kupanda. Na kwa kuwa mipaka ya kawaida hubadilika kila wiki, PI ileile ikiwa nzuri kwenye wiki ya 30 na mbaya kwenye wiki ya 37, mama aende na karatasi ya ultrasaundi yake ya kwanza, ile iliyofanywa kabla ya wiki ya 24, hata kama imekunjwakunjwa ndani ya kadi ya kliniki, na amwonyeshe mpimaji kabla hajaanza kupaka jeli.